Moyo wa Maharagwe

Mwezi wa pili uliopita nilikwenda Syokimau kumwona mdogo wangu. Nilibeba vitu vya nyumbani kama kawaida yangu: ndengu, kunde, jogoo mmoja aliyefungwa miguu, na maharagwe mekundu ndani ya mfuko wa kitambaa. Mlango ulikuwa wazi. Nilipoinua mguu kuingia, sauti ndogo ikanisimamisha.

"Anti, usikanyage! Ni valentaini!"

Binti yake, mtoto wa miaka saba, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni. Mbele yake palikuwa na karatasi nyekundu za kununua, gundi ya chupa yenye pua, mkasi wa plastiki usioweza kumkata mtu, na unga wa kung'aa ambao ulikuwa umeshafika kwenye kochi, kwenye zulia na kwenye nyusi zake. Nikamruka na jogoo wangu mkononi, nikakaa, nikamtazama. Unajua kitu cha kwanza nilichohisi? Si furaha. Nilihisi wivu. Mwanamke mzima, mwenye mvi mbili tatu, nikamwonea wivu mtoto kwa sababu ya karatasi nyekundu.

Wivu huo haukuanzia pale kwenye zulia. Ulianzia Mwala, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa moyo mwingine ambao hakuna karatasi hata moja nyekundu iliyoingia ndani yake. Acha nikueleze. Na nitakueleza kama ulivyokuwa, pamoja na pale ambapo mimi ndiye niliyekosea.

Tulikuwa watu wanne nyumbani. Susu, ambaye ni nyanya yetu, mama ya mama. Mimi, wa kwanza, nikiwa na miaka kumi na saba. Ndugu yangu wa kiume alikuwa darasa la tano, na kitinda mimba wetu, msichana, darasa la pili. Baba alitangulia, kisha mama akamfuata miaka mitatu baadaye. Mama alipoanza kuugua mimi nilikuwa darasa la saba. Siku moja nilibaki nyumbani kumpikia uji, siku ya pili nikabaki tena, na hakuna aliyeniambia niache shule. Niliacha kama mtu anavyochelewa kurudi kutoka kisimani, mpaka watu wakazoea kwamba hayupo.

Ndugu yangu aliniita Madam. Hakuwa ananiheshimu. Ilikuwa ni kwa sababu nilikuwa nawaamrisha kama mwalimu: nawe hujanyoa, vitabu viko wapi, masikio hayo umelima ndani? "Ndiyo Madam," angesema, amesimama wima kama mwanajeshi, na kitinda mimba angecheka mpaka aanguke. Yeye aliniita Sista. Susu peke yake ndiye aliyeniita mama, kama wazee wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Kila alipotamka neno hilo, niliangalia kama kitinda mimba amesikia, na kama siku moja litamponyoka na yeye.

Mwaka huo walipata mwalimu mpya. Alikuwa msichana tu, ametoka chuo juzi, na nafikiri hakunizidi zaidi ya miaka minne au mitano. Alikuja kwa mkokoteni wa punda kutoka barabarani, masanduku yake mawili juu, yeye ameketi katikati amefungua mwavuli. Kijiji kizima kilitoka kumtazama mtu aliyefungua mwavuli mahali ambapo mvua ilikuwa imetunyima msimu mzima. Mimi nilikuwa nikichota maji. Niliona viatu vyake vyeupe. Nikajiambia havitamaliza wiki vikiwa vyeupe, na ninakiri kwamba nilivisubiri vichafuke.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilijaa mwalimu. Mwalimu amesema tuoshe mikono kabla ya kula. Na mimi niliyesema hivyo mwaka mzima nilikuwa nani? Mwalimu anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu amesema nina sauti nzuri. Mwalimu anakula mkate na siagi, nimeona. Nilikuwa nimeshika mwiko, nasonga ugali, na kila "mwalimu" ilinifanya niupige ugali ule kama umenikosea. Ndugu yangu aliliona hilo. "Madam wa nyumbani," alisema siku moja, "huo ugali umeshakufa, acha kuupiga."

Basi, wiki moja kabla ya katikati ya mwezi wa pili, kitinda mimba alirudi mbio kutoka shule, begi linampiga mgongoni.

"Sista, tunatengeneza kadi za moyo! Za siku ya wapendanao! Kila mtu atengeneze nyumbani kwa mikono yake, alete Alhamisi zitundikwe ukutani. Halafu Ijumaa kila mtu ampe mtu anayempenda."

"Nani?" nikauliza.

"Mtu anayekupenda na wewe unampenda. Wengine wanawapa mama zao."

Akainama kufunga kamba ya kiatu. Sikuuliza zaidi. Sikuona haja. Ni nani mwingine? Ni nani aliyemwogesha, aliyemsuka, aliyelala sakafuni kando yake aliposhikwa na surua? Moyoni mwangu kadi hiyo ilishafika, nilikuwa nimeshaitundika juu ya kitanda changu. Ndiyo maana niliitengeneza kama mtu anayejishonea nguo ya sikukuu.

Jumamosi tulikaa nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta, wote wanne. Ninaikumbuka Jumamosi hiyo kuliko Krismasi zote. Susu alikuwa akisuka kiondo, miguu ameinyoosha mbele, akisokota katani juu ya paja lake kwa kiganja, sauti ile ya shwi, shwi, shwi, kama mtu anayefagia mbali. Kadi tuliikata kwenye boksi la sabuni, nikazilainisha kingo zake kwa jiwe. Ndani tukabandika ukurasa safi wa daftari ili paandikike. Kwa pembeni Susu alitupatia nyuzi za katani zilizobaki za rangi ya zambarau, nikazisuka msuko wa nyuzi tatu kuzunguka kadi nzima. Gundi aliileta ndugu yangu. Alipokuwa akichunga mbuzi aliikwangua kwenye miti ya miiba, ile gundi ya manjano inayotoka kwenye gome kama machozi. Tuliiloweka kwenye maji ya moto ndani ya kopo, ikalainika, ikanuka utamu fulani wa msitu.

"Ilikuwa nyingi zaidi," kitinda mimba akamshtaki. "Ameitafuna njiani."

"Nilikuwa naipima kama inashika," akajibu, meno yameshikana kwelikweli. Susu alicheka mpaka katani ikamtoroka pajani.

Kulibaki moyo wenyewe. Nilimchorea kwa penseli, mkubwa, umejaa kadi. Lakini rangi nyekundu hatukuwa nayo. Rangi ya Susu iliyobaki ilikuwa zambarau tu. Kitinda mimba akasema moyo wa zambarau ni wa mtu aliyekufa. Alisema hivyo bila kuwaza. Nikainuka, nikaingia jikoni, nikakiangua kibuyu cha mbegu.

Kibuyu hicho kilining'inia juu ya mafiga, mahali moshi unapopita, ili wadudu wasiingie. Ndani mlikuwa na maharagwe mekundu ya mama, yamechanganywa na majivu. Ninasema ya mama kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiyachagua kila msimu, moja moja, anaacha yenye mikunjo na yenye madoa, anabakisha yaliyo mekundu tupu. Alipofariki nikaichukua kazi hiyo. Msimu ule mvua ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa imetudanganya. Tulivuna kidogo, tukala kidogo hicho, na kibuyuni kulikuwa kumebaki viganja viwili vitatu vya kupanda mwezi wa tatu. Hakuna maharagwe mengine nyumbani.

Nilitoa kiganja kimoja na kidogo, yale makubwa zaidi. Nikayapangusa majivu kwa leso, yakang'aa.

Susu aliacha kusokota. "Mama, hiyo ni mbegu."

"Najua, Susu. Itarudi Ijumaa. Mvua ikikaribia tutaibandua tupande."

"Itarudi kutoka wapi?"

"Kutoka shule. Kadi ni ya hapa nyumbani."

Susu alimtazama kitinda mimba, na kitinda mimba alikuwa ameinama anachanganya gundi. Susu alikuwa na desturi yake: mbegu haitoki boma letu mwezi wa pili. Anayetaka mbegu aje baada ya mavuno, apewe na chai. Lakini siku hiyo aliliacha lipite. Akarudi kwenye paja lake, shwi, shwi.

Tuliyapanga harage moja baada ya jingine, kichwa kwa mkia, tukianzia pembeni tukielekea katikati, kinyume na Susu katika kiondo, maana yeye huanzia katikati ya kitako akitoka nje. Vidole vya kitinda mimba vilikuwa vidogo, vinafaa kazi ile. Mimi nilipaka gundi, yeye aliweka. Tulipomaliza, moyo ule ulikuwa umevimba, mwekundu, mzito mkononi. Hata ndugu yangu aliusogelea akaugusa kwa kidole. Kitinda mimba aliiandika ndani yeye mwenyewe, mgongo ameugeuza, mkono umekinga ili nisione. Nikatabasamu peke yangu. Sikutaka kuona kabla ya siku yake.

Ijumaa nilifagia kiwanja mara mbili. Nilipika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa, kwa kunde kavu na kitunguu kizima, kitunguu ambacho kwa kawaida kingekatwa siku tatu. Nilivaa rinda la mama la bluu. Nikakiweka kigoda mahali ambapo mtu akitokea njiani ataniona kwanza, nikashika kazi ya kuchambua mchele ambao haukuwa na mawe.

Alitokea akirukaruka. Mikono ilikuwa mitupu. Nikafikiri imo begini.

"Kadi iko wapi?"

"Nimempa mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Si ni mwalimu wetu! Sista, amefurahi mpaka ameshika mdomo hivi. Kadi yangu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, za wengine zilikuwa na kalamu tu. Amenikumbatia. Ananukia, Sista! Ananukia ile sabuni inayofungwa kwa karatasi."

Ndugu yangu alikuwa ameegemea zizi. Alinitazama, akamtazama, akatazama rinda la bluu. "Haya," akasema. "Madam wa nyumbani amepinduliwa."

Niliwapakulia. Sikula. Niliposhika sufuria nilinusa mikono yangu mwenyewe, nayo ilinuka moshi na kitunguu na mbuzi, na nikafikiri: ni kweli, nani atakumbatia hii? Yeye anafundisha saa chache, anarudi kwenye nyumba ya mwalimu anafunga mlango, anakula mkate wake. Hajui kitinda mimba wetu akilala hung'ata shuka. Hajui chochote. Na yeye ndiye amepewa moyo wa mbegu za mama yetu.

Jumapili kanisani mwalimu alikaa viti viwili mbele yetu, na kitinda mimba akatoroka mkono wangu akaenda kukaa naye. Nilitazama kisogo cha yule msichana tangu wimbo wa kwanza hadi matangazo. Viatu vyake bado vilikuwa vyeupe.

Jumatatu asubuhi nikamwambia Susu, "Nakwenda kufuata mbegu."

"Ni kiganja kimoja. Acha ziende."

"Ni mbegu ya mama."

"Ni mbegu unayoifuata?" aliniuliza.

Nilikuwa nimeshatoka.

Sikuwa nimekanyaga shule ile tangu darasa la saba. Harufu ya chaki ilinipokea mlangoni, nikasikia miguu yangu ikitaka kurudi. Nilipita darasa letu la zamani bila kugeuza shingo. Katika darasa la pili mwalimu alikuwa akiandika ubaoni, kwa mkono wa kushoto kweli. Kadi ilikuwa ukutani juu ya ubao, peke yake, mahali panapowekwa picha za viongozi.

"Karibu mama," alisema. Halafu akanitazama vizuri. "Samahani. Wewe ni... ?"

"Mimi ni dada yake." Nilimwonyesha kwa kidevu. Kitinda mimba alikuwa ameng'aa uso wote, akidhani nimekuja kuona kadi yetu ilivyotundikwa. "Nimekuja kuchukua maharagwe yetu. Yale ni mbegu. Mtoto hakujua."

Alijua. Mimi ndiye niliyempa. Niliisema hiyo "hakujua" mbele ya darasa zima, na niliona uso ule uking'aa, halafu ukizimika.

Mwalimu hakubishana. Ningetamani angebisha. Alipanda juu ya kiti, akaitoa kadi taratibu ili msuko wa katani usikwaruzwe, akaniletea kwa mikono miwili. "Pole sana," akasema. "Sikujua ni mbegu. Ningekuwa nimejua nisingeipokea." Kweli alinukia sabuni.

Kutoka dawati la nyuma sauti ikasema, "Leo kwao wanapika kadi!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwingine akadakia, "Na chumvi!" Mwalimu akapiga meza. Mimi nilikuwa nimeshaiweka kadi chini ya leso yangu na nimeshatoka. Sikumtazama kitinda mimba. Nilimwona tu kwa pembe ya jicho, ameweka kichwa juu ya dawati, ameficha uso kwa mikono.

Nilipofika nyumbani nilijaribu kuyabandua kwa kucha. Gundi ya mti wa miiba ikikauka ni kama mfupa. Nikachukua karai, nikatia maji, nikailaza kadi humo, nikaenda kuchanja kuni kwa hasira. Nilichanja mpaka jua likapita kichwani. Niliporudi gundi ilikuwa imeachia. Maharagwe yalikuwa yameshuka chini ya karai, yamelala yakiwa yamejaa, ngozi zimekunjuka, makubwa kuliko nilivyoyaweka. Na ule ukurasa wa daftari ulikuwa umejitenga na boksi, unaelea peke yake juu ya maji, wino unaanza kukimbia.

Nikauinua kwa vidole viwili. Mwandiko wa darasa la pili, herufi nyingine zimegeuzwa nyuma mbele. *Kwa mwalimu wangu. Kutoka kwa mimi na Sista.*

Nilikaa chini pale karibu na karai.

Nataka unielewe. Haikuwa imeandikwa kwangu, na sikujidanganya kwamba ilikuwa yangu. Ilikuwa ya mwalimu, na mtoto alimpenda mwalimu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande wa kungoja, nikinyoosha mikono, na kumbe yeye alikuwa amenisimamisha upande wake, upande wa kutoa. Zawadi ilikuwa yetu sote wawili. Mimi niliyeondoka shule bila kumpa mwalimu yeyote hata kwaheri, nilikuwa nimempa mwalimu zawadi nzuri kuliko zote darasani. Kisha nikaenda kumnyang'anya.

Susu alipita na mzigo wa katani, akachungulia karaini. Kitu alichokiona yeye hakikuwa karatasi.

"Mama, umeziloweka?"

"Hazikuwa zinatoka."

"Umeziamsha." Akaweka mzigo chini. "Mvua ni mwezi ujao. Sasa utazilaza wapi?"

Nami niliyechagua mbegu tangu mama afariki, nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtoto wa mkulima anakijua kabla hajajua kuhesabu. Mbegu ikishakunywa maji haingoji mtu. Shamba lilikuwa jiwe. Basi jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, niliyabeba ndani ya leso hadi mtoni. Mto wetu ni wa mchanga, maji yako chini, unafukua ndipo uyaone. Ukingoni nililima mstari mmoja, nikayapanda, nikazungushia miiba mbuzi wasifike. Na kuanzia hapo, kila asubuhi na kila jioni nilifukua mchanga, nikajaza mtungi kwa kata, nikayanywesha. Mikono ilipasuka. Kitinda mimba hakuja kunisaidia. Alipita njia ya juu akienda shule, hakugeuka. Nyumbani alinijibu kwa ndiyo na hapana, na Sista akaacha kabisa kuitamka.

Mwezi wa tatu mvua ikanyesha siku nne ikaenda zake. Zile mbegu zilizobaki kibuyuni tulizipanda shambani na zikaungua zote. Zilizosalimika zilikuwa zile za mtoni tu. Usiniambie basi nilifanya vyema. Watu wameniambia hivyo, na sikubali.

Nilipovuna nilijaza mkebe mmoja. Nilichemsha kidogo na mahindi, chakula chetu cha isyo, tulichokuwa tumekikosa miezi mingi. Ndugu yangu alikula mpaka akalamba kijiko. Kitinda mimba alitazama sahani yake, akayasogeza maharagwe pembeni, moja moja, akala mahindi matupu.

"Kula," nikamwambia.

"Hayo ni ya mwalimu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu kwamba hiki ni cha jirani, tusikiguse. Nikasimama, nikauchukua mkebe. Nikamwambia vaa viatu, twende tumpelekee. Ndipo ndugu yangu akaniambia kile walichokijua wao na mimi sikukijua, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyekuwa akitaja tena jina la mwalimu mbele yangu. Shule zilipofungwa alikuwa amehamishwa. Alikuwa ameondoka kwa mkokoteni uleule, na darasa la pili walimsindikiza hadi barabarani wakiimba.

Basi yale yaliyobaki hatukuyala. Nilichanganya na majivu, nikayarudisha kibuyuni. Msimu uliofuata nikayapanda, nikavuna, nikatenga ya mwalimu. Na ule mwingine vilevile. Kitinda mimba alikua, akaenda sekondari, na mimi nikakaa na jembe na viondo mpaka akamaliza. Sista ilirudi kidogokidogo, kwanza akiwa mgonjwa, halafu akiwa na njaa, halafu hivyo tu. Lakini hatukuzungumza kuhusu kadi. Wala hakutengeneza nyingine kwa mikono yake.

Leo Susu hayupo. Kibuyu kilipasuka, ninatumia mtungi wa plastiki wenye kifuniko, na jiko letu halina moshi wa kutosha kumfukuza hata mbu. Mto wamechota mchanga wake kwa malori mpaka ukingo ule wa mstari wangu ukaporomoka. Miti ya miiba imekatwa makaa, na sijui kama kuna mtoto Mwala anayejua ladha ya gundi yake. Na ile sauti ya katani pajani, shwi, shwi, ninaisikia tu nikiwa nimechoka sana. Kilichobaki ni maharagwe. Na wivu.

Maana pale Syokimau, nilipokuwa nimekaa nikimtazama yule mtoto, karatasi yake nyekundu ilimwishia moyo ukiwa nusu. Akaangaza huku na huku, akauona mfuko wangu uliolegea mdomo, maharagwe yakichungulia.

"Anti, naweza kutumia hizo red?"

Mama yake, kitinda mimba wetu, alikuwa mlangoni mwa jikoni na taulo mkononi. Akautazama mfuko. Akayatazama yale maharagwe mekundu tupu, yasiyo na doa.

"Ni yale?" akaniuliza.

"Ndiyo."

Nikamuuliza mtoto kadi ni ya nani, ingawa nilishajua. Nilijua tangu mlangoni.

"Ya tichaa wangu! Ananipenda sana. Anti, yeye huwa ananukia!"

Nakwambia, wivu uleule ukanishika, baada ya miaka yote hiyo, na simjui hata huyo mwanamke. Nikaufungua mfuko wote. Nikaanza kumchagulia makubwa, nikiacha yenye mikunjo, kama mama alivyokuwa akifanya, nikamjazia kiganja chake kidogo mpaka yakamwagika.

"Ukimaliza kupanga," mama yake akamwambia, akiwa amenipa mgongo tayari, anarudi jikoni, "andika ndani: kutoka kwa mimi na Anti."

Mtoto akaitikia, akaanza kupanga, kichwa kwa mkia. Kisha akainua uso wenye nyusi za kung'aa.

"Anti, tichaa akishaiona nikurudishie?"

"Usirudishe," nikamwambia. "Hata moja."